Mti Wangu wa Mkonge na Beberu wa Ntheo

Leo sina uso, jamani. Uso nimeuacha Kola, chini ya mti. Na mti wenyewe si mti.

Nawaandikia nikiwa saiba, kwa kompyuta ya kulipia, hapa Machakos mjini. Nimejitolea kurudisha hema na viti vya kukodi (nyumbani wameshangaa, mimi na kubeba viti hatujawahi kujuana), lakini ukweli ni kwamba nimetoroka. Afadhali jambo hili mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalisikia kutoka kwa watu wa Kola. Wale wakilishika, mtaambiwa niliolewa mimi.

Leo ilikuwa ntheo ya dada yangu Mwende, yule anayefanya kazi kiwandani Athi River. Kwa wasio Wakamba: ntheo ni siku wazee wa upande wa mume wanaleta mbuzi kwa kina msichana. Mbuzi wakipokewa, msichana ni wenu. Bila ntheo, hata mkizaa timu ya mpira, kwa Mkamba hamjaoana. Hii ya Mwende ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara kwa msiba, mara kwa mvua, na Mwende alikuwa amefika mahali akisikia simu ikilia anatetemeka.

Sasa boma letu. Boma la Kola, si mnajua? Jikoni, nyumba, zizi, mchanga. Mwende alitamani maua ya kukodi kutoka Nairobi lakini mfuko ulikataa. Nikajipiga kifua. "Niachie mimi."

Nilikuwa nimeona kwa hoteli moja ya Barabara ya Mombasa miti fulani miwili mlangoni. Shina moja jembamba, halafu juu duara la majani, limenyolewa likanyoleka. Nikagusa. Plastiki! Nikajiambia, Ndinda, hii hata wewe unaweza.

Na niliweza. Hiyo hamtaninyang'anya. Nilichukua miti ya mkalitusi, nikaisimamisha ndani ya mikebe ya rangi kwa saruji iliyobaki tulipotengeneza choo. Juu nikafunga waya wa kuku, nikaukunja ukawa mpira. Majani je? Mama yuko kwa kikundi cha kusuka vikapu vya viondo, kwa hivyo nyumbani mkonge haukosekani. Nikachemsha nyuzi na rangi ya kijani, nikatia chumvi ya kutosha ili rangi ishike, vile Mama hufanya. Nikazikata vipande vifupi, nikazibandika kwa gundi ya unga wa ngano. Hiyo nayo nikaitia chumvi, isiote ukungu.

Yaani nilikuwa napika na sijui.

Mkonge ulianza kuniishia nikiwa na mpira wa pili, ule wa upande wa hema. Nikaona nijaze katikati kwa matambara, ili nyuzi zifunike juu tu. Nyuma ya mlango wa chumba cha Mama kulikuwa na gunia la nguo. Mimi nikajua ni matambara. (Mtu akiweka nguo ndani ya gunia, nyinyi mngejua ni nini?) Nikajaza, nikashindilia, nikafunga. Halafu nikazika ile mikebe ardhini, nikarudishia mchanga, nikamwagia maji kidogo pale chini. Hayo maji yalikuwa ya maringo tu.

Asubuhi Mwende alipotoka nje na kuona ile miti miwili imesimama kando ya njia, alilia. Kwa furaha! Hata Baba, mtu ambaye hasifu kitu chochote kisichokuwa na pembe, aliuzunguka mmoja akasema, "Hm." Hiyo kwa Baba ni hotuba.

Wageni wakafika. Wazee mbele na mbuzi, akina mama nyuma na vikapu, na Mutua mwenyewe, bwana harusi, ndani ya suti, anavuta beberu mkubwa kwa kamba. Huyo beberu, nikaja kujua baadaye, amemlea mwenyewe tangu akiwa kitoto. Mama yake beberu alikufa na Mutua akawa anamnywesha maziwa kwa chupa. Walikuwa wanaangaliana kama ndugu.

Mutua alipoingia langoni, Mama aliingia jikoni. Hakukuwa na ugomvi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana nthoni, ile heshima ya kuogopana. Hawashikani mikono. Hawakai mahali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani. Na jambo likitokea la kuivunja hiyo nthoni, wazee wanaweza kusimamisha shughuli yote, kila mtu arudi kwao mpaka lirekebishwe. Mwende alikuwa amenionya tangu juzi: "Ndinda, leo hata kikombe kisianguke. Nikirudishwa mara ya tatu, sitarudi tena kwa hii mambo."

Basi. Shangazi yake Mutua, mama mmoja mnene mcheshi mwenye nyumba Mavoko, akasimama mbele ya mti wangu wa upande wa hema.

"Aiii! Huu mti ni mzuri aje! Niliuona kwa hoteli. Ni wa kupandwa ama ni wa kuwekwa tu?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, mama, ni wa kuwekwa.

"Ni wa kupandwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi." (Hiyo sehemu ilikuwa kweli, jamani. Si niliuzika?)

"Unakunywa maji mingi?"

"Mara moja kwa wiki tu. Ni mti wa kuvumilia."

"Basi utanikatia kitawi niende nacho. Kila kitu nikikipanda kwa mkono wangu hushika."

Na akanyoosha mkono! Nikaruka katikati. "Mama, huo haukatwi saa hii, jua ni kali, utalia." Sijui hilo neno lilitoka wapi. Akarudisha mkono polepole, akauangalia mti kwa huruma.

Kumbe Mzee Kioko alikuwa anasikiliza. Huyu ndiye msemaji wa upande wao, mzee mrefu wa fimbo na kofia ya manyoya, sauti yake ikitoka mnanyamaza. Akauliza, "Msichana, umesema huu umeshika mizizi?"

"Umeshika kabisa, mzee."

"Haya. Mutua, funga beberu hapo, tusimame na wazee."

Marafiki zangu, ningemzuiaje? Mutua akafunga ile kamba kwa shina langu la mkalitusi, fundo zuri, fundo la mtu anayependa mbuzi wake. Wazee wakaingia chini ya hema, maombi yakaanza.

Mimi nimelelewa na mbuzi. Najua kabisa kwamba ukitaka mbuzi akufuate mpaka Mombasa, unamwonyesha chumvi. Lakini niaminini, lile jambo liliniingia kichwani pale tu beberu aliponusa mpira, akalamba mara moja, akasimama kidogo kama mtu aliyeonja supu, halafu akalamba tena kwa macho yaliyofungwa.

Akaanza kula.

Nikasogea kando kando nikijifanya napanga viti. "Shh! Toka!" nikamnong'oneza. Akaniangalia. Akaendelea. Nikamsukuma kwa goti. Tata Mbithe, dada yake Baba, aliyekuwa amesimama nyuma ya hema, akanivuta sketi: "Wewe! Mbuzi ya ntheo haipigwi na watu wa nyumba! Unataka waseme tumewakataa?" Nikaacha. Maombi yalikuwa marefu. Beberu naye alikuwa anashukuru kwa njia yake. Upande mmoja wa mti ukawa na upara, waya wa kuku unang'aa kwa jua.

"...Amina," wakasema.

Kwa ile "Amina" ya watu wote pamoja, beberu akashtuka. Akaruka nyuma. Ule mti ulioshika mizizi kabisa ukang'oka na mkebe wake wa rangi, PWAA! Sasa beberu anaona kitu kinamfuata. Akikimbia, kinakuja. Akikata kona, kinakata kona. Mkebe unagonga mawe, kuku wanaruka, nyuzi za kijani zinapaa hewani, na ule mpira unapasuka na kutoa matumbo. Shati la Baba. Soksi. Nusu ya pazia.

Na meno ya beberu yameshika kitu cheupe.

Mbuzi akiogopa anakimbilia wapi? Kwa mama yake. Na mama yake, nimewaambia, alikuwa Mutua.

Beberu alipita katikati ya wazee, akafika mbele ya Mutua, akajibana kwa magoti yake akitetemeka, na kile kitu cheupe kikaanguka juu ya kiatu. Mutua, kijana wa adabu, akakiokota. Akakikung'uta vumbi. Akakishika juu kwa mikono miwili, kimefunguka chote, akauliza kwa sauti ya heshima:

"Pole, hii kitambaa ya meza ni ya nani?"

Haikuwa kitambaa cha meza. Ilikuwa petikoti. Na Mama, kwa sababu nguo zilikuwa zikimpotea kwa mikutano ya akina mama wa kanisa, hushona jina lake kwa kila nguo, uzi mwekundu, herufi kubwa. Kwa hivyo hapo mbele ya koo mbili, jua la mchana likipita ndani ya kile kitambaa, kila mtu aliyeenda shule alisoma: MAMA MWENDE.

Na wakati huohuo Mama akatokea jikoni kuona ni kelele gani.

Waliangaliana. Mkwe na mama mkwe. Katikati yao petikoti.

"Ngai wakwa! Mungu wangu!" Mama akavuta leso ikamfunika kichwa chote, akarudi jikoni kinyumenyume, nikasikia sufuria ikianguka huko ndani. Mutua naye akaachilia ile nguo kana kwamba imeshika moto, akatoka mbio nyuma ya pikapu waliyokuja nayo. Beberu akamfuata. Mti ukamfuata beberu.

Nilimtazama Mwende. Uso wake ulikuwa umekauka, mikono ameifunga kifuani. Nilitamani anipige. Hakunipiga, akaangalia tu langoni, mahali ambapo watu hutokea wakiondoka. Hapo moyo wangu ulivunjika kweli, sitanii.

Mzee Kioko akakohoa. "Hapa nthoni imevunjika."

"Imevunjika," wazee wakaitikia.

Baba akasimama. "Mbuzi ni wenu. Ni mbuzi wenu amevunja."

"Mbuzi hajapokewa, ni kweli ni wetu. Lakini nguo ni yenu. Nani aliweka nguo ya mama ndani ya mti?"

Boma lote likageuka. Sikujua shingo za watu zinaweza kugeuka pamoja hivyo.

Na kabla sijasema neno, yule shangazi wa Mavoko akainuka. Akatembea polepole mpaka kwa shimo ambalo mkebe ulitoka. Akachungulia ndani. Akaokota soksi. Akanigeukia na uso wa mtu anayetaka kuelewa.

"Kumbe ulinikataza nikate kitawi kwa sababu petikoti zilikuwa hazijaiva?"

Wuui! Mzee mmoja aliangusha fimbo. Mwingine alishika nguzo ya hema. Tata Mbithe aliyeniambia nisiguse mbuzi ndiye aliyelala chini kabisa kwa kicheko. Na shangazi hakuniachilia: "Wanawake wa Kola mmebarikiwa! Sisi tunapanda maembe, nyinyi mnapanda soksi! Na inakunywa maji mara moja kwa wiki tu!" Mzee Kioko alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaufunika kwa kofia, mabega yakitikisika. Halafu kutoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, tukasikia Mama anacheka. Mama yangu ana kicheko cha kuku anayetaga. Mwende alipokisikia, alijifuta machozi na yeye akaanza.

Hapo ndipo nilipumua.

Lakini sheria ni sheria. Wazee walijitenga, wakarudi na hukumu: Mutua ameonyeshwa asichopaswa kuona, na upande wetu ndio ulioonyesha, kwa hivyo tutoe mbuzi mmoja wa kuosha hiyo aibu, ndipo ntheo iendelee. Baba akauliza atatoa yupi. Wakamjibu kwamba hakuna haja ya kutafuta mbali, huyo beberu tukimpokea tumrudishe kama faini. Mbuzi wengine wakapokewa, Mwende akawa mke wa mtu, vigelegele vikapigwa, na yule beberu, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa kwetu kwa muda wa maombi, akapewa Mutua amrudishe nyumbani. Baba alimsindikiza kwa macho mpaka akaisha barabarani. Nimewaambia Baba anapenda kitu chenye pembe. Hajaongea nami tangu wakati huo, na sidhani ataanza kesho.

Mama amesema nimnunulie petikoti mpya hapa mjini. Ametuma Tata Mbithe aniambie, kwa sababu naye hawezi kuniangalia bila kucheka, na kucheka kunamharibia hasira. Shangazi naye ameagiza miti miwili ya mlango wake wa Mavoko. Alinikumbatia akiaga, akaninong'oneza kwamba nguo za kujaza ataleta mwenyewe, zilizopigwa pasi.

Kwa hivyo nawaomba, mkicheka, chekeni mkiwa peke yenu, na mtu asinitumie swali lolote la kilimo. Nimejifunza moja tu: kama lazima ufiche kitu ndani ya mti, hakikisha kwanza kwamba hakina jina ambalo mkwe anaweza kulisoma.