Ujumuishi Uonekane kwa Macho

Wananchi wote walitangaziwa, redioni na kwa vipaza sauti, kwamba kuanzia mwezi ule ujumuishi wa watoto wadogo, yaani wenye mahitaji maalumu kulelewa pamoja na wenzao, utaonekana kwa macho. Si kwamba zamani haukuwepo. Ulikuwepo, lakini ulikuwepo kiholela, mtu huwezi hata kuupiga picha.

Aliyeligundua tatizo hilo ni Mkurugenzi wa Idara ya Ujumuishi, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na suti za kulisitiri. Miaka nenda rudi alikuwa akizunguka vituo vya kulelea watoto kutafuta ujumuishi, na kila aendako anakuta watoto tu. Watoto wanacheza, watoto wamelala, watoto wanang'ang'aniana gari la plastiki. Sasa hapo aliyejumuishwa ni yupi na aliyejumuisha ni yupi? Taarifa inaandikwaje jamani? Ikabidi aketi na kamati yake na chupa za chai, na walipoinuka walikuwa na Mwongozo. Mtoto mwenye hitaji maalumu ataitwa mlengwa. Mlengwa atavaa kizibao cha njano chenye michirizi ya kung'aa. Walengwa wote watakaa katika Kona ya Ujumuishi, mbali kidogo na wenzao, ili mgeni akiingia tu aseme: ahaa, wamejumuishwa wale.

"Huwezi kumwingiza mtu ndani kama hujamtoa nje kwanza," aliwafafanulia waandishi wa habari. Wakapiga makofi, maana hoja ilikuwa nzito na ukumbi ulikuwa na joto.

Basi siku moja akaenda mwenyewe kukagua kituo kimoja kilichokuwa nyuma ya karakana ya magari, nyumba ya bati yenye ua wa saruji. Mwenye kituo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi usiolala njaa. Watoto walimwita Shangazi, wazazi walimwita Shangazi, na mafundi wa karakana, wenye mvi zao, nao vilevile. Mkurugenzi alimzidi umri kwa mbali, lakini kabla hajapewa kiti alishajikuta amemwita Shangazi.

Ndani alikuta watoto wote wamekaa chini mstari mmoja, wanaburuza makalio sakafuni kuelekea kwenye meza ya maziwa. Walipofika, hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wanachezesha mikono tu, huyu hivi, yule vile. Mkurugenzi alidhani wanafukuza nzi, akaandika upungufu wa usafi.

"Wako wapi?" akauliza.

"Kina nani?"

"Walengwa."

"Si hao mbele yako, baba. Wanakunywa maziwa."

"Hao ni watoto."

"Afadhali umewatambua."

Mkurugenzi akakohoa kiofisi. "Nina taarifa kwamba hapa kuna mtoto asiyetembea."

"Yupo."

"Mbona wote wanaburuza makalio?"

"Wanacheza treni. Yeye ndiye aliyeianzisha, kwa hiyo yeye ndiye dereva. Na treni yake haina abiria wa kusimama."

"Na wasiosikia?"

"Wapo pia."

"Mbona hakuna anayeongea hata mmoja?"

"Wanaongea tangu umeingia. Saa ya maziwa tunaongea kwa mikono, mtu asipitwe na maneno. Yule pale wa mwisho ameuliza kama hilo tumbo lako lina mtoto."

Mkurugenzi akafuta habari za nzi. Akazunguka chumba, akachungulia nyuma ya mlango, akarudi pale pale. "Shangazi, niseme ukweli. Mimi sioni tofauti."

"Basi kazi tumeifanya."

"Hapana! Nisipoona tofauti, nitajuaje kwamba hamjawabagua?"

Shangazi alimtazama kama anayepima kitambaa. "Mwenye macho haambiwi tazama, baba."

"Serikali huambiwa," akajibu Mkurugenzi kwa fahari, kisha akaandika matokeo: ujumuishi haukuonekana. Jumatatu angekuja Waziri mwenyewe. Asipooneshwa mlengwa, kituo kifungwe siku hiyo hiyo, watoto warudishwe makwao. "Sifungi kwa ubaya," alieleza akiwa mlangoni. "Nafunga kwa kuwajali."

Jioni hiyo, mezani, aliisimulia familia yake habari ya kituo cha ajabu kisicho na ujumuishi. Mkewe aliendelea kula. Binti yake, muuguzi, ambaye aliishi hapo kwao na mwanawe wa miaka minne, akaweka kijiko chini.

"Baba, kile kituo usikifunge."

"Wewe unakijulia wapi?"

"Ndiko anakolelewa mke wako. Leo nilimbakiza nyumbani makusudi, nilisikia unakuja."

Mke mwenyewe wakati huo alikuwa chini ya meza. Walimwita Kidoti, kwa ajili ya doa dogo shavuni. Babu yake alimwita mke wangu, bibi yake alimwita mke mwenzangu, na utani huo wa nyumba nzima ulikuwa unapita juu ya kichwa chake kila siku, hakuna hata neno moja lililowahi kumfikia.

"Mimi najua yuko kwenye kile kituo cha mazulia," Mkurugenzi alisema. "Kule tulikowapa kikombe cha Ujumuishi Bora."

"Walimkataa, baba. Kona yao ilibaki nafasi moja, wakasema wanamwekea mtoto wa kiti cha magurudumu. Uziwi hautokei kwenye picha."

"Habari za uziwi zinatoka wapi hapa? Mtoto amechelewa kusema tu. Ukoo wetu wote tunachelewa. Hata mimi nilichelewa."

"Na tangu uanze hujanyamaza," mkewe akasema, akitoa mwiba kwenye samaki.

"Baba, mtoto hasikii. Jana sufuria imeanguka nyuma yake, sisi sote roho zimeturuka, yeye hata kope hakupepesa."

"Ana utulivu."

"Nimezunguka vituo vyote mji huu. Kila mahali wananiuliza, ana nini huyu? Shangazi peke yake ndiye aliyeniuliza, anapenda nini huyu? Na sasa anaongea, baba. Kwa mikono, lakini anaongea kutwa nzima, ana umbea, ana maswali, anatukana hata. Ukikifunga ataongea na nani? Na wewe?"

Mkurugenzi alimpenda mjukuu wake. Hilo lisemwe wazi, maana kuna watu wanadhani wakurugenzi hawana moyo. Maneno yale yalimchoma. Lakini Mwongozo ulikuwa na sahihi yake, na sahihi ya mkurugenzi ikishakauka, hata mwenyewe anaiogopa. "Sheria haina mjukuu," akasema, na akaomba maji ya kunawa.

Kidoti akajitokeza chini ya meza, akamgusa goti, akachezesha vidole kwa haraka. Babu akatabasamu, akamtolea pipi mfukoni. Mtoto akaitazama ile pipi, akamtazama babu, akamrudishia kiganjani na kwenda zake.

Jumatatu Mkurugenzi alifika kituoni mapema na boksi la vizibao. Akaagiza walengwa wavae. Shangazi akasema, "Wape mwenyewe, baba, mimi siwajui," akaendelea kukuna sufuria.

Mkurugenzi akafungua boksi. Lo! Watoto walipoona ile njano na ile michirizi inayong'aa, wakamvamia. Kufumba na kufumbua kila mtoto ana kizibao, wengine wana viwili, mpishi naye amejipatia chake, na kitoto kimoja kilichokosa kinalia kama kimefiwa. "Vueni! Wewe vua! Si wewe, wewe!" Alipomvua huyu, yule anavaa. Wakadhani ni mchezo, wakamsifu kwa akili yake. Ndipo Waziri akaingia, mwanamke mfupi mwenye haraka, na nyuma yake dereva, mlinzi na mpiga picha.

"Mkurugenzi, nioneshe walengwa."

"Mheshimiwa, ndio hao."

"Wote?"

"Si wote."

"Yupi basi?"

Mkurugenzi akaangaza macho. Na katikati ya ile njano yote akamwona mmoja anayemjua, kizibao kimemfika kwenye vifundo vya miguu, doa liko shavuni. Kidole kimoja tu kingemaliza kazi. Ungekuwa ujumuishi wa kuonekana, na kituo kingepona. Lakini kumwonesha ni kusema mbele ya Waziri na kamera: yule hasikii, na ni wangu. Mkono ukagoma kuinuka. "Bado tunabaini," akasema.

"Mpaka nimalize kunywa maziwa uwe umebaini," Waziri akasema. "La sivyo tufunge, nina ziara nyingine."

Shangazi akainua mkono mmoja tu. Watoto wote wakavua vizibao, wakavirundika, wakaketi. Waziri naye akakaa kwenye kiti kidogo, magoti yakamfika kidevuni. Shangazi akamwonesha jinsi ya kuomba maziwa: unakunja ngumi, unafinya na kuachia. Waziri akafinya, akaletewa. Dereva akafinya, akaletewa. Mlinzi alifinya kwa nguvu nyingi, akaletewa kikombe kikubwa. Aliyebaki amesimama ni Mkurugenzi na hotuba yake.

"Watoto, hamjambo!" akapaza sauti. Wakaendelea kunywa. "Nasema, hamjambo!" Kitoto kimoja kikaweka kidole mdomoni na kumtazama kwa huruma.

Kidoti akainuka, akaja, akamvuta suruali. Akaanza kusema. Mikono ilikwenda mbio, uso ukakunjuka na kukunjika, na chumba kizima kikageuka kumsikiliza kwa macho. Mkurugenzi akapapasa mfuko, pipi hakuna. Akampapasa kichwa. Mtoto akarudia tena, polepole, namna mtu anavyosema na mgeni.

"Anasema nini?" Waziri akauliza.

Dereva wa treni alimeza maziwa yake kwanza, kisha akatafsiri. "Anasema huyu ni babu yake. Hata nyumbani yuko hivi hivi. Ukimwambia kitu hajibu, anakupa pipi. Anasema tusimcheke. Tumkalishe na sisi."

Mkurugenzi aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, si ile ya kukosewa itifaki. Angeambiwa ardhi ipasuke, angeshukuru. Lakini Waziri alikuwa ameng'aa uso mzima.

"Mkurugenzi! Ameonekana!" Akafunua Mwongozo. "Mlengwa ni mtu yeyote ndani ya kituo ambaye, hali wenzake wanaelewana, yeye haelewani nao. Kifungu kizuri sana hiki. Nani ameandika?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Hongera."

Wakamvika kizibao. Kilikataa kupita mabegani, kikaishia shingoni kama kitambaa cha kulishia mtoto. Wakamtandikia mkeka pembeni, ikawa Kona ya Ujumuishi, akapigwa picha kutoka mbele na ubavuni. Kituo kikapasi kwa alama za juu, kwani hakuna kituo kingine mjini kilichokuwa na mlengwa anayeonekana kiasi kile.

"Sasa naweza kuvua, Mheshimiwa?"

"Umesahau? Mlengwa havui mpaka apimwe na Mkurugenzi."

"Si ndiye mimi!"

"Mtu hajipimi mwenyewe, nalo umeliandika wewe. Nitateua Kaimu." Akaondoka na haraka yake.

Kumteua Kaimu kulikuwa mchakato, na mchakato hauharakishwi. Kila asubuhi Mkurugenzi alimshika Kidoti mkono wakaenda pamoja, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani. Mwanzo alinuna. Lakini njaa haina cheo, akajifunza kuomba maziwa. Kisha akajifunza ishara ya "tena", na ya "hapana", na ya "zamu yangu", ambayo ilimsumbua kuliko zote. Walipoona ameanza kuelewa, watoto wakamtoa pembeni wakamkalisha kati yao, akawa behewa la mwisho la treni, maana ndilo zito. Asubuhi moja Kidoti alimkumbusha ile siku ya pipi. Kumbe alikuwa anamwambia: babu, inua mguu, umemkanyaga mwanasesere wangu. Mkurugenzi akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mtoto akamfuta kwa kizibao.

Hatimaye Kaimu akaja. Alikuwa msaidizi wake wa zamani, aliyekuwa akikinyemelea kiti chake cha ukurugenzi kwa muda mrefu, na suti yake ilikuwa mpya hata lebo hajatoa mkononi. Ilikuwa saa ya maziwa. Akaja akasimama katikati kabisa ya duara, akafungua karatasi zake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukupima. Swali la kwanza: je, mlengwa anaelewana na wenzake?"

Kidoti akainuka, akamvuta Kaimu suruali, akamwambia jambo kwa mikono. Kaimu akatabasamu tabasamu la ofisi, akaanza kupapasa mifuko.

"Anataka nini huyu mtoto? Pipi?"

Chumba kizima kikatazamana.

"Hapana," Mkurugenzi akasema kutoka chini alikoketi. "Anasema umesimama katikati, hatuonani. Kaa."

Shangazi akaweka jagi mezani, akaenda kuleta kizibao kingine.