Boksi Si Gari

Jumatatu, 3 Machi

Amri imetoka. Imetoka jikoni, kwa mke wangu, mkono mmoja ameshika mkebe wa sukari, mkono wa pili gari langu la zimamoto. Kumbe nililificha humo! Nililitafuta wiki nzima. Nilifurahi mno kuliona, na furaha hiyo ndiyo iliyomkasirisha zaidi.

Anasema mama yake anakuja Jumamosi. Anakuja kukaa, si kusalimia. Atalala chumba kidogo. Chumba hicho kina kitanda, lakini ni siku nyingi hatujakiona, maana magari yangu ya kuchezea ya zamani yako juu yake, chini yake na pembeni yake. Mke wangu huyaita vigari. Nimemwomba mara nyingi aseme magari. Hasemi.

Hukumu ni hii: kabati la vioo la sebuleni ni langu, kabati moja tu. Kitakachoingia kibaki, kisichoingia kitoke nyumbani. Na kigari kingine kisivuke mlango huu. Nikishindwa, mama atalala naye chumbani kwetu, na mimi nitahamia kwenye kochi. Kochi letu ni la watu wawili wafupi. Mimi ni mmoja, lakini mrefu. Akanitaka nirudie hukumu neno kwa neno, kama mtoto anayetumwa dukani. Nikarudia.

Ila sijakata tamaa. Kwenye chama chetu cha wakusanyaji, Mwenyekiti husema kila mara kwamba anayeanza huzoazoa, aliyekomaa hulenga. Huchagua aina moja akaishikilia. Kwa hiyo mimi sipunguzi. Nalenga! Mke wangu atapata chumba, mimi nitapata heshima. Nakwenda kulala natabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Lengo limepatikana: magari mekundu tu. Rahisi, wazi, halina maswali. Nimefunga duka langu la mapazia mapema (mteja wa pazia hana haraka, dirisha halikimbii) nikaanza kuchambua.

Maswali yakaanza. Nyekundu ni nini? Dukani nauza damu ya mzee kama nyekundu kila siku na hakuna aliyewahi kurudisha kitambaa. Basi damu ya mzee ikaingia. Rangi ya chungwa ni nyekundu iliyokaa sana juani. Ikaingia. Lori jeupe lenye viti vyekundu ndani? Viti ni sehemu ya lori. Likaingia. Halafu nikageuza gari moja jeusi nikaona taa zake za nyuma. Nyekundu! Karibu kila gari lina taa nyekundu nyuma. Hadi jioni lilikuwa limebaki nje trekta moja la kijani, limekaa peke yake katikati ya zulia. Likanitia huruma. Nikaliingiza.

Mke wangu alipita, akauliza imekuwaje vigari vimekuwa vingi kuliko asubuhi. Nikamweleza kwamba kulenga ndivyo kulivyo mwanzoni. Alilipima kochi kwa macho, kisha akanipima mimi.

Jumatano, 5 Machi

Lengo jipya: magari ya kazi tu. Zimamoto, wagonjwa, maziwa, posta. Gari lisilofanya kazi halina nafasi kwangu. Nilijisikia mtu mzito kweli kweli, nikawatangazia wenzangu wa chama kwa simu.

Pengo ni moja: sina gari la taka. Na gari la taka zuri kuliko yote yuko nalo Daktari wa Meno. Huyu bwana ni mwanachama mwenzetu na ni mwiba wangu. Kwenye mikutano huja na kile kioo chake kidogo chenye mpini, anachungulia magari ya wenzake chini ya tumbo, anagonga tairi kwa kucha, anatikisa kichwa na kuniambia, kwa sauti ya huruma, kwamba pale anaona pana kutu. Pana kutu wapi?

Nikapanga kwenda kliniki kwake nikiwa na basi langu la rangi ya chungwa, nibadilishane naye. Dada wa mapokezi akasema Daktari anaona wagonjwa tu. Nikashika shavu. Nikaugua papo hapo. Nadhani niliugua vizuri kupita kiasi, kwa sababu nilipitishwa mbele ya watu wote, nikalazwa kwenye kile kiti, na kabla sijataja basi nikachomwa sindano ya ganzi.

Daktari akasema kweli kuna tundu, na lazima lizibwe. Akanijaza pamba mdomoni. Ndipo akaniambia kwa upole kwamba amesikia nalenga magari ya kazi, kwa hiyo bila shaka sihitaji tena Pilipili.

Pilipili! Gari langu dogo la mashindano, jekundu, namba ya mlangoni imefutika nusu, gari ninalolipenda kuliko yote. Natembea nalo mfukoni kila siku. Akauliza kama nitampa Pilipili anipe gari la taka. Nikasema hapana. Sasa, hapana inahitaji midomo ikutane. Yangu ilikuwa mbali. Ikatoka "aaa". Akauliza kama nina hakika. "Aaa! Aaa!" Akanisihi nisishangilie sana, asije akateleza na chombo. Kisha akalitoa Pilipili mwenyewe mfukoni mwa shati langu, akalisukuma kidogo juu ya trei yake, akafurahi.

Nimerudi na jino lililozibwa, basi la chungwa na gari la taka. Mke wangu amenikumbusha kwamba hukumu ilikataza kingine kuvuka mlango. Nikamwambia kimetoka kimoja, kimeingia kimoja, hesabu haijabadilika. Nilisema hivyo huku nikidondosha chai kidevuni. Akacheka mpaka akakaa chini. Nampenda huyu mwanamke, hata akinihukumu.

Alhamisi, 6 Machi

Nina akili! Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Asubuhi kabati lilikuwa limejaa na nusu ya magari ya kazi bado iko nje. Nikashika tama. Nikayaangalia. Nikagundua kwamba sitazami magari, natazama maboksi. Kila gari limekaa ndani ya boksi lake la tangu kiwandani, boksi la karatasi ngumu lenye picha ya gari hilo hilo. Yote haya yananilia nafasi! Nikayatoa magari uchi, nikayapanga bampa kwa bampa. Yakaingia ya kazi yote. Yakaingia mekundu. Yakaingia na yale yasiyo na lengo lolote. Lile trekta nililiweka mbele.

Chumba kidogo kikawa cheupe. Kitanda kilionekana. Mke wangu alikuja, akasimama mlangoni, akakigusa kitanda kama mtu anayehakikisha kwamba ni cha kweli.

Likabaki suala la maboksi matupu, mlima mzima. Kuyatupa ni kazi. Hapo ndipo akili ilipopanda juu ya akili: nimpelekee Daktari wa Meno! Nimpe takataka zangu kwa jina la zawadi, ahangaike nazo yeye. Nikayatia kwenye mifuko ya mapazia, nikampelekea kliniki, nikamwambia yaliyopita yamepita, sina kinyongo juu ya Pilipili. Alivaa glavu mpya kabla ya kupokea. Nikadhani anaogopa vumbi. Nilicheka njia nzima, upande mmoja wa mdomo, maana wa pili bado uliuma.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa chama. Nilifika mapema, kifua mbele, nikiwa na hotuba fupi mfukoni juu ya magari ya kazi.

Mwenyekiti alinitangulia. Yeye alikuwa mwalimu wa jiometria na mpaka leo hawezi kueleza jambo bila kuchora duara hewani. Akasema mkusanyaji hupitia hatua. Kwanza anataka kila kitu. Halafu anataka aina moja. Halafu anataka kilicho kizima kisicho na mkwaruzo. Mwishoni kabisa, akishaiva, macho yake yanahama kutoka kwenye gari kwenda kwenye boksi. Magari yapo, akasema, magari watoto waliyatunza. Maboksi waliyachana siku ile ile ya kwanza. Boksi zima ni adimu kuliko gari lake.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole mifuko niliyoipeleka kliniki.

Akasimama Daktari wa Meno. Akatangaza kwa unyenyekevu kwamba kuanzia leo amebadili lengo, atakusanya maboksi peke yake, na kwamba amebahatika kuanza vizuri. Akavuta kitambaa. Maboksi yangu! Yote, yamesimama wima chini ya taa yake ya kliniki, kila kona imenyooshwa, yanang'aa. Watu walisimama. Mwenyekiti alimshika mkono kwa mikono miwili. Daktari akasema shukrani zimwendee rafiki yake wa mapazia, mtu asiye na choyo.

Nikafa ganzi, safari hii bila sindano. Nilipiga makofi kama wengine. Hotuba imebaki mfukoni, pale pale lilipokuwa likikaa Pilipili.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika! Nilimpa shikamoo yangu nzito kuliko zote nikambebea mizigo. Mke wangu alimwonyesha chumba kidogo, kitanda, shuka, dirisha lenye pazia jipya kutoka dukani kwangu. Kisha akanishika mkono mbele ya mama yake. Kochi limeshindwa! Chakula cha mchana nilikula kama bwana harusi.

Baada ya chakula mama mkwe alisimama mbele ya kabati la vioo. Alikaa pale muda mrefu. Nilijiandaa kwa maneno. Badala yake akageuka na kuniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, haya yanalala wapi?

Nikasema yanalala hapo hapo, mama.

Akasema hivyo hivyo, bila nyumba? Akatoa miwani kwenye kasha lake akanionyesha. Akatoa sindano kwenye mkebe wake. Akasema meno yake ya bandia yana bilauri yake, na hajawahi kuyalaza nje hata siku moja. Kitu cha thamani kina nyumba, baba, na asiyekipa nyumba hakipendi. Halafu akalipangusa vumbi lile trekta kwa ncha ya kanga.

Nilitaka kulia. Miaka yote hii nimemwogopa, kumbe tuna ugonjwa mmoja!

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alikwenda kumtembeza mama yake kwa ndugu. Mimi nikaenda nyumbani kwa Daktari wa Meno nikiwa na kila kitu kilichokuwa kabatini, ndani ya beseni la kufulia, kimefunikwa taulo.

Nilitarajia vita. Hapakuwa na vita. Nilimkuta amekaa mbele ya maboksi, mnyonge. Akakiri kwamba tangu Ijumaa kila akifungua boksi anaona utupu, na yeye anatazama vinywa vyenye mapengo wiki nzima, hataki kuvitazama na Jumapili. Akachungulia beseni. Macho yakamtoka. Akasema lengo lake, akifikiria vizuri, limekuwa magari siku zote.

Tukabadilishana. Magari yote kwake, maboksi yote kwangu. Tukakumbatiana. Nilitoka pale mwepesi, nimekomaa, mtu wa hatua ya mwisho.

Mama mkwe alirudi kwanza, miguu ikimuuma. Nikamwonyesha. Aliyapokea maboksi kama wajukuu. Akakataa katakata yakunjwe. Boksi lililokunjwa, alisema, ni nyumba iliyobomoka. Tukayasimamisha chumbani kwake, moja moja, tukicheka.

Jioni mke wangu aliona kabati tupu. Akauliza vigari viko wapi. Nikasema nimeviachia vyote. Kisha akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, akamwambia mama yake kwamba mume wake amekuwa mtu mzima. Mama mkwe alikubali huku akitazama dari. Mke wangu akajaza kabati sahani zake za harusi, akiimba. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nilifurahi kwa sababu aliyoyasema yalikuwa karibu na kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu amempelekea mama yake chai. Nilimsikia akifungua mlango. Nilisikia sinia likiwekwa chini.

Maboksi yalikuwa kitandani, dirishani, juu ya kabati la nguo, mpaka darini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo uliobaki, anatia vifungo ndani ya boksi la gari la maziwa.

Nikaitwa. Mahakama ikakaa. Nikaulizwa haya ni nini. Nikasimama wima nikajibu kwamba hukumu ilitaja vigari, na mimi niliirudia neno kwa neno. Hukumu haikutaja maboksi. Boksi si gari. Mama mkwe akasema baba ana hoja. Mke wangu alifunga macho. Mabega yake yakatikisika, na sikujua kama ni hasira mpaka kicheko kilipomtoka. Alicheka hadi machozi, akiegemea fremu ya mlango.

Kisha akafuta machozi na kutoa hukumu. Mama analala naye, chumbani kwetu.

Mama mkwe amehama kwa furaha, anasema kitanda chetu ni laini zaidi. Naandika haya kwenye kochi. Magoti yangu yako karibu na kidevu. Lakini nawasikia wawili hao wakicheka upande wa pili wa ukuta, na nyumba nzima inapendeza, na mimi nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kulenga.

Nimekuja na boksi moja tu, la kuniliwaza. Boksi la Pilipili. Mbele lina picha ya Pilipili likikata kona, jekundu, namba yote inasomeka. Nimelifungua. Halina kitu. Nimelifunga, nimelifungua tena.

Mama mkwe kasema kweli, kila kitu na nyumba yake. Lakini na nyumba nayo inahitaji mwenyewe. Huu ni ukatili, nyumba zote hizi tupu! Ukitazama vizuri, lengo la kweli ni moja: gari ndani ya boksi lake. Yote. Nashangaa sikuliona mapema.

Kesho asubuhi jino litaanza kuniuma.