Kadi za Huruma

Siku Jeconia Oketch alipoanza kuipenda misitu ya Kenya, alikuwa amesimama nje ya kiwanja cha mbao cha Gerishon Kinyanjui, mjini Eldoret, akingoja kumuuzia mwenyewe kalenda za mwaka mpya ambazo hazikuwa zimechapishwa wala hazingechapishwa. Ilikuwa mwisho wa Novemba, 1985. Tarishi akatoka ofisini na boksi, akaelekea penye moto wa vumbi la mbao.

"Unachoma nini, ndugu yangu?"

"Kadi za Krismasi za mwaka jana. Mdosi amesema zimemjazia kabati."

Jeconia akachungulia. Zilikuwa kadi nzito za ng'ambo: theluji, mamajusi, ngamia, na kindege cha kifua chekundu ambacho hakuna mtu wa Eldoret aliyewahi kukiona. Nje zilikuwa safi kama siku ziliponunuliwa. Ni ndani tu zilikochafuliwa na salamu.

"Weka chini hiyo boksi," akasema kwa sauti ya mchungaji. "Unachoma msitu."

Ieleweke kwamba huo ulikuwa mwaka baada ya ile njaa ya kula mahindi ya manjano ya msaada. Mvua ilikuwa imetutoroka, na wakubwa walikuwa wamegundua kwa mshangao kwamba miti ina faida. Redioni ni miti, jukwaani ni miti, kanisani Adamu mwenyewe alikuwa bwana misitu. Mtu wa heshima hakuweza kupita wiki bila kuonekana na mche mkononi. Kinyanjui alikuwa ameshapanda wake mbele ya mpiga picha. Ulikauka kabla picha haijasafishwa. Malori yake, wakati huohuo, yaliteremsha magogo kutoka upande wa Burnt Forest mchana kutwa.

Kufikia hapo Jeconia alikuwa akiishi kwa kuuza stempu zilizokwisha safiri, ambazo aliziosha kwa maji vuguvugu na kuzianika dirishani. Kwa hiyo alijua jambo moja ambalo wasomi hawajui: karatasi haizeeki, inangoja tu mjinga mwingine. Akabandika beji ya chama kwenye kola, akaingia.

"Bwana Kinyanjui, Krismasi hii utatuma kadi?"

"Kama kawaida. Mia hivi."

"Mia! Hiyo ni mti mzima, mzee. Na Chifu Chelimo akiuliza ni nani anamaliza miti?"

Kinyanjui akakohoa. "Sasa nisitume?"

"Utume! Lakini utume kadi ya huruma. Tunachukua ya zamani, tunabandika karatasi safi ndani, tunaandika salamu upya. Hakuna mti umekatwa. Na pesa yote inaenda kwa yatima wetu pale Huruma. Mtu akipata kadi yako anajua mambo mawili: unapenda miti, na unapenda watoto."

Kinyanjui hakupenda miti ila ikiwa imelala chini, na watoto hakuwapenda hata wakiwa wamelala.

"Na watu watajuaje?"

"Majina yatasomwa mbele ya chifu. Jina na idadi."

Hapo ndipo mfanyabiashara aliposogeza kiti. "Kituyi wa duka la jumla amechukua ngapi?"

Jeconia hakuwa amemwona Kituyi tangu Pasaka. "Sitini."

"Niandikie themanini. Na hiyo boksi beba."

Saa moja baadaye Elphas Kituyi, aliyeuza sukari na unga kwa magunia, alipata habari kwamba Kinyanjui amechukua themanini. Akachukua mia, akatoa na boksi lake la kadi kuukuu bila hata kulifungua. Chifu Chelimo alichukua thelathini kwa niaba ya serikali, maana yake hakulipa.

Kazi yenyewe ilihitaji mtu mwenye mwandiko. Jeconia akarudi mtaani kwake Huruma, kwa jirani yake Namalwa, mjane aliyewahi kufundisha shule ya msingi bila cheti mpaka wenye vyeti wakaja. Sasa alilinda watoto kumi na mmoja wa akina mama walioshinda kazini katika kiwanda cha nguo, katika chumba kimoja ambacho mabati yake yalivuja hata kwa umande.

"Mwalimu, nina kazi ya hisani," Jeconia akamwambia. "Unakata karatasi, unabandika na uji wa ngano, unaandika salamu, unaandika bahasha. Kila kadi na malipo yake."

"Hisani ya nani?"

"Ya yatima."

"Wako wapi?"

Siku ya pili Jeconia alikuja na mpiga picha, akawapanga wale watoto kumi na mmoja ukutani, wafupi mbele. Namalwa akaweka mikono kiunoni.

"Hawa wana mama zao, Bwana Oketch."

"Mama zao wako wapi saa hii?"

"Kazini."

"Basi saa hii ni yatima."

Mtoto wa Akello, mmoja wa wale mama wa kiwandani, alikuwa na kikohozi cha wiki tatu, akakohoa picha ikipigwa. Ilitoka vizuri sana. Wateja wawili waliongeza oda kwa ajili ya kile kikohozi.

Wiki mbili mji wa Eldoret ukawa na huruma ya kutisha. Mawakili, madaktari, wenye matrekta, kila mmoja aliuliza kwanza mwenzake amechukua ngapi. Jeconia alipita na pikipiki ya kuazima, akikusanya kadi kuukuu kwa mkono mmoja na noti kwa mkono mwingine. Jioni alimkuta Namalwa ameinama juu ya sufuria ya uji, midomo ikicheza.

"Mwalimu, usisome. Bandika."

"Mwalimu asiposoma afanye nini?"

Jeconia akacheka, akaenda zake. Alikuwa na mambo mengine kichwani. Noti zilijaa mkebe wa mafuta ya Kimbo wa kilo mbili, suti ya kijivu ilikuwa kwa fundi, na tarehe ishirini na nne angepanda basi la asubuhi la Kisumu. Yatima wangemkumbuka daima, kwa kuwa hawangemwona tena.

Tarehe ishirini asubuhi mlango wake ukagongwa. Kinyanjui alisimama nje, kofia ya sufu ameivuta mpaka ikafunika sikio lote la kushoto.

"Oketch, kadi zako zinabanduka."

"Ati?"

"Mke wangu aliletewa kadi ya Kituyi juzi. Akaiweka juu ya meko. Moto ukakausha uji, karatasi ikaanguka." Akatoa kadi kutoka ndani ya koti. Chini ya ngamia, kwa wino wa zambarau, palikuwa na maneno: *Gery wangu, nyumba ya Kapsoya ni nzuri, choo tu ndio bado. Wako wa siri, N.* "Hii ni kadi niliandikiwa mimi mwaka jana! Imetoka kwa boksi yangu! Mama Ephantus amenipiga na koleo."

Jeconia alijikaza asicheke. Lakini Kinyanjui akaegemea mlango, akanong'ona: "Kuna zingine za N. Kama tatu. Nitalipa. Sema bei."

Laiti Jeconia angeondoka asubuhi ile na mkebe wake, angekuwa Kisumu akila samaki. Lakini tamaa haina stesheni ya mwisho. Alijiona mpumbavu: alikuwa ameuza magamba, lulu akaziacha kwa Namalwa! Kila tajiri wa mji huu alikuwa amemkabidhi siri zake, kwa hiari, ndani ya boksi. Akamwahidi Kinyanjui jibu jioni, akavuka uwanja mbio.

"Mwalimu, zile kadi zilizo na maneno. Ziko wapi?"

Namalwa alikuwa akimpa mtoto wa Akello uji, wa kunywa safari hii. "Zote zina maneno."

"Zile za... za aibu."

"Ah. Hizo niliziweka kando. Zilikuwa kumi. Moja tu niliiachilia, ile ya ngamia."

"Uliiachilia?"

"Niliibandika kwa mate, nikaandika bahasha kwa Mama Ephantus. Nilitaka wajue kwamba kuna mtu anasoma."

Jeconia akakaa juu ya ndoo. Akajaribu tabasamu lake la kuuzia kalenda. "Mwalimu wangu. Tushirikiane. Nusu kwa nusu. Hao watu watalipa mpaka—"

"Wameshalipa. Nilizunguka jana na nguo yangu ya kanisa. Bwana Kituyi alikuwa na kadi mbili mbaya. Atatoa unga na maharagwe kila mwezi, na blanketi. Daktari atakuja kuangalia hiki kifua. Kinyanjui ndiye hakuwa ofisini. Walisema anaumwa sikio. Nikirudi leo nitamwomba mbao na mabati. Wote ni watu wa huruma sana, ukiwaonyesha mwandiko wao."

"Na mimi?" Jeconia akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ni katibu." Akatoa karatasi chini ya godoro. Kilikuwa kibali cha harambee chenye muhuri, tarehe yake imerudishwa nyuma mpaka Novemba, kwa jina la Jeconia Oketch, Katibu na Mweka Hazina, Kituo cha Watoto Huruma.

"Chifu alikubali kutia sahihi hii?"

Namalwa akamwonyesha kadi ya tisa kwa mbali, bila kuiachia. Ilikuwa imetoka boksi la Kituyi, na jina lililokuwa chini yake ni la Chifu Chelimo. *Yale magunia arobaini ya mahindi ya msaada yameingia stoo yako salama. Tutagawana Januari. Krismasi njema.* Na kwa kuwa chifu ni chifu, alikuwa amegonga muhuri.

"Hii sijairudisha," Namalwa akasema. "Hii itakaa na mimi. Sherehe ni kesho kutwa mchana. Chifu anataka kuona mkebe."

Jeconia hakungoja kesho kutwa. Alichukua mkebe, akaacha suti kwa fundi, akafika stendi ya basi akihema. Walikuwapo askari wawili wa utawala, wamejaa adabu.

"Katibu," mmoja akasema, akimpokea mkebe kama anayempokea mgeni mzigo, "chifu amesema tukulinde. Pesa ya yatima siku hizi inatafutwa na watu wabaya."

Walimlinda siku mbili, mlangoni, zamu kwa zamu. Hata chooni walimlinda.

Sherehe ilifana. Kinyanjui alitoa mbao na mabati, kofia ya sufu ikiwa bado kichwani kwenye jua la adhuhuri, na kila alipomtazama Namalwa alipiga makofi haraka zaidi. Kituyi alishika gunia la unga mbele ya mpiga picha na kutabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Chifu Chelimo alihutubu dakika arobaini kuhusu roho ya kutoa. Majina yakasomwa, pamoja na idadi. Kisha Katibu akaitwa, akakabidhi mkebe kwa mikono miwili, na akina mama wa kiwanda, waliokuwa wamepewa ruhusa ya nusu siku, wakampigia vigelegele mpaka masikio yakamwuma. Mama wa yule mtoto mwenye kikohozi alimkumbatia, akalia begani mwake. Jeconia hakujua mikono yake aiweke wapi.

Chifu akamalizia kwa tangazo. Kuanzia Januari, Katibu angepeleka ripoti ofisini kila Ijumaa, na asingetoka lokesheni ya chifu bila barua. Zaidi ya hayo, bwana misitu alikuwa ametoa miche mia tatu ya kuzunguka kituo, na Katibu, kwa mapenzi yake yanayojulikana kwa miti, angeimwagilia maji.

Januari, Eldoret haina mvua. Kisima kiko chini ya mteremko.

Miaka miwili baadaye alikuja mgeni kutoka shirika la kanisa, mama mnene mwenye daftari, akitembezwa na Namalwa kwenye vyumba vitatu vya mbao vyenye mabati mapya. Nje wakamkuta mwanamume mwembamba, mabega yamepanuka kwa ndoo, akifukuza mbuzi kwenye miche na kumtukania mbuzi ukoo wake wote.

"Huyu ndiye katibu wetu," Namalwa akasema.

Mgeni akafungua daftari. "Ndugu Oketch, wengi wangependa kujua. Mungu alikuitaje kwenye kazi hii?"

Jeconia akatua ndoo. Akamtazama Namalwa, ambaye hakupepesa macho.

"Kwa askari wawili," akasema. "Stendi ya basi. Nilikuwa natoroka na pesa."

Mgeni akacheka mpaka miwani ikamteleza, akasema hajakutana na mtumishi mcheshi kama huyu, akafungua mkoba.