Malalamiko Dhidi ya Siki ya Mama wa Usafi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, mimi Mkuu wa Matengenezo kwa mwaka wa kumi na nne sasa, naleta mbele yako shauri la mama wa usafi, ambaye kwa chupa moja ya siki ameitikisa idara yangu nzima.

1. Birika la umeme la wafanyakazi lilijaa ukoko mweupe wa chokaa, mgumu kama saruji. Nililikagua, nikatangaza kuwa limekufa, na kamati ya watu watano ikakaa mara tatu kujadili kifo hicho. Mama huyu hakuhudhuria hata kikao kimoja. Alitia siki nusu na maji nusu, akachemsha, akaacha kidogo, akamwaga na kusuuza. Nilipomwuliza kwa ruhusa ya nani, alinijibu mbele za watu: "Halikufa, mzee. Lilikuwa halijaoshwa tu."

2. Bomba la choo cha wanaume, hata likifunguliwa lote, lilikuwa likitoa maji tone moja moja tu. Nililibandikia tangazo la BOVU lenye saini yangu, na kwa miaka mitatu tangazo hilo limefanya kazi bila kasoro. Yeye alilivalisha nusu limau mdomoni, akalifunga kwa kitambaa, akaenda zake kudeki. Kufikia saa sita maji yalitoka kwa nguvu yakanilowesha suruali.

3. Nilipomwagiza, kama mtaalamu, achanganye siki na dawa ya klorini ili kazi iende haraka, alikataa katakata, eti mvuke wake ni sumu. Huo ni utovu wa nidhamu. (Nimesoma kwenye chupa ya klorini, imeandikwa hivyo hivyo, lakini kwa herufi ndogo mno.)

4. Hili ndilo linaloniuma. Kufuli la stoo lilishikwa na kutu hata ufunguo haukuzunguka, nami nilikwisha kulizoea. Alilivika mfuko wa nailoni wenye siki, akaufunga kwa mpira. Kesho yake akalisugua kwa mswaki mkuukuu, akalifuta, akalitia mafuta. Stoo ikafunguka, tena watu wakipita. Ndani yakakutwa mabomba mapya na mabirika mawili kwenye maboksi, vitu ambavyo taarifa yangu ilisema havipo. Naomba ieleweke kwamba kutu ingeachwa kwa amani, taarifa yangu ingekuwa sahihi hadi leo.

Kwa hiyo naomba siki itangazwe kuwa kemikali ya hatari, limau liingie ofisini kwa kibali, na mama huyu ahamishiwe jengo ambalo vitu vyake ni vibovu kweli.

Unisalimie wote wa ghorofa ya juu, katibu wako, dereva, na wa nyumbani pia.

Ni mimi, mtumishi wako niliyedhulumiwa,
Mkuu wa Matengenezo

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku mbili. Bafu la mvua la nyumbani kwangu lilikuwa limeziba, na miaka yote nimemwambia mke wangu kwamba kosa ni la watu wa maji. Juzi nilimwendea mama wa usafi kwa siri, naye akanielekeza bila kinyongo. Leo mke wangu ameoga mpaka amechelewa kazini, na ameniita fundi kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Naomba uhamisho usubiri kidogo. Bado kuna bawaba zenye kutu za mlango wa jikoni kwangu, na vipimo vya siki sijavishika vizuri.