Ombi la Kurudishiwa Mashimo ya Alto Cenízaro

Alto Cenízaro,
Jumapili, baada ya misa.

Kwa Mheshimiwa Injinia Yorleny Badilla,
Mkuu wa Idara ya Barabara, Manispaa.

YAH: KUHARIBIWA KWA BARABARA YETU KWA KUTENGENEZWA

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni Olman Cascante, mkulima wa kahawa, mgane, mkazi wa nyumba ya mwisho kabla barabara haijakata tamaa. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia vijana wako waliokuja na greda juma lililopita wakaisawazisha barabara yetu bila kuniuliza.

Najua wengi hukuandikia wakiomba barabara. Mimi naomba uichukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Nilipolinunua gari langu, lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Kutoka ardhini hadi tumboni ilikuwa shubiri moja tu. Kwa mtu wa mjini yatosha. Lakini hapa kwetu, chini ya kanisa, palikuwa na jiwe katikati ya njia tuliloliita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyepita bila kuambiwa neno. Mvua za kwanza tu likanipasulia sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikamwagika, na kuku wa jirani wakatembea na soksi nyeusi mwezi mzima. Nikaenda kwa fundi Chepe. Akalala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa: "Don Olman, hili lina tumbo la mja mzito na miguu ya bata. Tuliinue." Tukaweka springi ndefu, shokapu mpya, na bamba la chuma la kukinga tumbo. Tangu siku hiyo nikampita Mama Mkwe bila hata kumwamkia.

2. Hapo ndipo gari langu likawa gari pekee linalofika sokoni mvua ikinyesha. Na hapo ndipo Doña Marielos, anayepika tamale za unga wa mahindi na kuzifunga kwenye majani ya mgomba, alipoanza kupanda nami kila Jumamosi. Alikaa kando yangu, sufuria mapajani. Kila tukiingia shimoni alisema, "Bikira wangu!" na kunishika mkono. Injinia, barabara yenu ilikuwa na mashimo mengi sana. Mungu awabariki.

3. Sasa mwanamume mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikajiuliza: ikiwa shubiri moja na nusu imeniletea haya, shubiri mbili na nusu si zitaniletea harusi? Nikarudi kwa Chepe. Tukatia matairi makubwa, tukainua tena, tukafunga na bomba la kupumulia hadi juu ya paa, ili nivuke mto. (Mto wetu unafika kuku magotini, lakini huwezi kujua.) Chepe akanionya, "Ukiinua zaidi, kwenye kona litakulaza chali kama kombamwiko." Nikamwambia, "Wewe inua." Ikabidi nikate paa la banda la gari. Mbwa wa kijiji wakawa wanajikinga mvua chini yake, na Padri Anselmo akahubiri juu ya mnara wa Babeli akinitazama mimi. Doña Marielos alianza kupanda kwa kreti la soda. Baadaye nikamchongea ngazi. Nzuri, ya mwerezi.

4. Kisha likaja greda lenu. Mama Mkwe akasagwa kokoto. Kumbe, Injinia, barabara ikiwa nzuri hata wasiostahili hupita! Jumamosi nimesimama mbele ya lango la Doña Marielos, injini inanguruma, ngazi mkononi, na mara akapita Don Evelio muuza jibini kwa kile kigari chake kinachoburuza tumbo kama mjusi. Na ndani yake nani? Akateremsha kioo, akanipungia: "Don Olman! Barabara imekuwa kama godoro!" Nikajibu, "Ndiyo, Doña Marielos." Nilirudi nyumbani nikala wali na maharage yaliyopoa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, jiwe lirudishwe. Kama halirudishiki, liletwe lingine lenye tabia hiyohiyo.

Pili, yachimbwe mashimo ya wastani njia nzima, na moja kubwa karibu na daraja. Kama hamna vibarua, nina koleo.

Tatu, ikiwa hayo ni mazito, itungwe sheria kwamba gari lolote lenye tumbo chini ya shubiri mbili lisiingie Alto Cenízaro siku za Jumamosi, hasa likibeba jibini.

Nisalimie madereva wa greda, ambao sina kinyongo nao. Walifanya kazi nzuri, na hilo ndilo kosa. Nisalimie meya, karani wa mapokezi, na mama yako mzazi.

Wako anayeteseka kwenye njia laini,
Olman Cascante

Baada ya sahihi: Leo ni Jumanne, barua haijaondoka. Jana Doña Marielos alikuja kwa miguu na sahani ya tamale. "Don Olman, umenuna? Mbona unanikwepa?" Nikamwambia ana Don Evelio. "Yule? Njia nzima ni jibini, jibini! Nilipanda naye kwa sababu goti langu limechoka na ngazi yako. Hivi nani alikutuma uliinue gari namna ile?" Nikasema, "Niliinua kwa ajili yako." Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, kisha akasema taratibu, "Basi niteremshie."

Chepe ameondoa kila kitu. Tumerudi shubiri moja. Doña Marielos anataka nichane barua hii, lakini mwandiko umetoka vizuri mno, kwa hiyo naituma. Tafadhali soma haya ya baada ya sahihi tu. Mbele ya lango langu greda lenu liliacha kijiwe, si kikubwa kuliko nazi, nacho kinatukwaruza tumbo. Huu ni uzembe usiovumilika. Naomba kiondolewe kabla ya Jumamosi.