Boriti Zilizofaulu kwa Magunia ya Makumbi

Ninayo furaha kuutangazia umma wa Tanga kwamba boriti za banda jipya la mnada wa samaki Pangani zilifaulu kipimo cha nguvu, na ufaulu huo hauwezi kutenguliwa na tukio lililofuata. Nasema haya kama Katibu wa Kamati ya Kuaminisha Vyuma hadi jana, nikiwa nimelala chali, mguu umefungwa hogo la plasta.

Boriti zenyewe ni za chuma chembamba kilichokunjwa kikiwa baridi. Mwongozo unataka zipandishiwe magunia ili ijulikane zinabeba kiasi gani kabla ya kupinda. Haukusema magunia ya nini. Wajumbe, watu wa suruali safi kutoka Raskazone, waliukataa mchanga kwa kuwa unachafua, wakaazimia makumbi ya nazi, ambayo Pangani hayana mwenyewe. Boriti hazikutikisika. Tulipiga makofi.

Bi Hasina, muuza samaki atakayeshinda chini ya banda hilo na wajukuu zake, hakupiga.

"Gunia la makumbi hata mie nalibeba kichwani huku napiga soga," alisema. "Tieni mchanga, jamani! Banda likituangukia je?"

"Bi Hasina," alijibu Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Eliudi, kwa upole wa kiserikali, "chuma kikishafaulu, kukipima tena ni kukidhalilisha."

"Haya, basi pandeni nyie."

Ulikuwa utovu wa nidhamu, lakini pia ndio utaratibu: jukwaa la uzinduzi lilijengwa kwa boriti zilezile, na wageni rasmi sharti wakae juu. Tulipanda. Mwenyekiti alikuwa bado anawashukuru wafadhili boriti zilipojikunja taratibu kama mkeka, tukateremka sote, kwa kufuata vyeo, hadi kwenye matenga ya dagaa. Mguu uliniuma. Kicheko cha akina mama wauza samaki kiliniuma zaidi.

Hospitalini niliandika ripoti. Nilithibitisha kwamba chuma hakina kosa hata chembe. Kosa ni la mzigo, ambao ulizidi kiwango kilichopitishwa na Kamati.

Wakubwa waliipokea ripoti yangu bila kubadili neno, heshima ambayo sijawahi kuipata. Jana wameitekeleza. Mzigo wote, kuanzia Mwenyekiti hadi mimi, umeondolewa kazini. Boriti zinang'olewa, na mpya zitapimwa kwa mchanga. Anayeamua kama gunia limejaa ni Bi Hasina.

Nasikia ameomba na sisi tuitwe siku hiyo, tukakae juu ya magunia.