Nirudishieni Ubongo Wangu, Suruali Nimeiambatanisha

Kwa Mkuu wa Idara ya Akili na Tabia za Watu,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUUNGANISHWA KWA UBONGO WANGU NA WA MKE WANGU BILA RUHUSA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kichwa kikiwa mahali pake na kikiwa chako peke yako. Changu hakina bahati hiyo, na ndiyo sababu nimeketi kuandika.

Mimi ni fundi nguo, yule mzee wa duka lililopakana na kinyozi, ambaye vijana wako walimfuata na kofia za waya. Mimi hukata, mke wangu hushona. Ndivyo tulivyo tangu ujana wetu: yeye kwenye cherehani, mimi kwenye meza ya mkasi, tunatazamana kama mahakimu wawili waliopewa kesi moja. Vijana wako wakatuvika zile kofia, wakatuomba tufanye kazi kama kawaida. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kichwa changu chema mkakivika waya, nikakaa pale kama redio inayotafuta stesheni.

Siku nyingine wakarudi na karatasi yenye mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, wakatangaza mbele za wateja kwamba watu wakiishi na kufanya kazi pamoja muda mrefu, ubongo wao huanza kwenda sambamba. Ushahidi wao ni kwamba mama akitaka mkasi, mzee ameshanyoosha mkono kabla hajaombwa. Eti huo ni utafiti wa kisasa. Nikawauliza kama ilihitaji waya wote ule kugundua kwamba mke wangu hunituma.

Ningecheka yakaisha. Lakini binti yetu anayekaa mji mwingine amejifungua mapacha, na mama yake amekwenda kumsaidia kulea. Anataka nifunge duka nimfuate, tukae huko moja kwa moja. Nilipokataa, alinijibu huku anafunga sanduku, wala hakuinua uso: "Si umewasikia wataalamu, baba watoto? Kichwa ni kimoja. Sasa kichwa kikiondoka, kiwiliwili kitabaki kufanya nini?" Akapanda basi.

Kwa hiyo naomba cheti chenye mhuri, kinachothibitisha kwamba ubongo wangu ni wangu, umekamilika, na unaweza kubaki dukani peke yake bila kuleta madhara. Sababu zangu ni hizi:

1. Hamkupima vichwa vingine. Mmejuaje kwamba ubongo wangu unakwenda na wa mke wangu na si na wa kinyozi? Kinyozi huyo tumegawana ukuta tangu alipokuwa na nywele zake mwenyewe. Akivuta pumzi ya chafya, mimi nimeshamwambia "afya" kabla haijatoka. Mbona hakuna aliyesema kinyozi akihama nami nifungashe?

2. Mmenivunjia heshima mtaani. Nilikuwa mtu wa msimamo. Mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini, nilimjibu "Ijumaa" kwa sauti nzito, na Ijumaa ikipita nilimjibu "Ijumaa" kwa sauti ile ile. Siku hizi mteja ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, halafu ananiuliza, "Na mama anasemaje?" Kinyozi naye ananikuta nimesimama peke yangu mlangoni, ananisalimu, "Hamjambo?" Juzi nikajisikia nimeitika "hatujambo." Hilo nalo naliandika juu yenu.

4. La tatu nimeliruka, limenikaa vibaya, nitalirudia. La nne ni hili: kama akili ni moja, basi na makosa ni ya wote. Miaka yote nimekuwa nikiambiwa "wewe na kichwa chako hicho." Kumbe tulikuwa nacho pamoja! Niliposahau mwavuli, alisahau na yeye. Nilipomkatia bwana harusi suti kwa vipimo vya baba mkwe wake, tulimkatia wote wawili. Naomba ofisi yako imwandikie mama watoto aniombe msamaha kwa mkupuo, asianze kuchagua.

5. Ndoto. Kuna nyingine si za mama watoto kuziona. Naomba zizibiwe njia.

6. Mambo ya siku za mbele yametatizika kabisa. Uchaguzi ukija, tupige kura mbili au moja? Nikifa mimi kwanza, nitahesabiwa nimekufa au nimepungua? Na mchimba kaburi aambiwe nini? Wajukuu wangu wamezaliwa siku moja, tumbo moja, na kila mmoja ana ubongo wake. Sisi tuliozaliwa mbalimbali, kwa wazazi wasiojuana, ndio mmetupa mmoja. Hesabu hiyo mmejifunzia wapi?

3. Sasa la tatu. Dukani kumekuwa kimya. Ninakata, ninafika mahali fulani kwenye kitambaa, na mkono wangu unanyoosha mkasi wenyewe kuelekea kiti ambacho hakina mtu. Unabaki hewani hapo mpaka nione haya, niurudishe. Mkono huu haukuwa na tabia hiyo kabla ya kofia zenu. Au ulikuwa nayo, lakini ulikuwa unapokelewa. Vyovyote iwavyo, mmeuharibu ninyi, na mje muutengeneze.

Ili usidhani nabwabwaja tu, nimeambatanisha ushahidi: suruali ya kijivu niliyoikata na kuishona mwenyewe, kwa vipimo vyako, ambavyo msaidizi wako alinipa kwa simu akidhani nakuandalia zawadi. Ivae siku ya kikao chenu kikubwa. Simama mbele ya wasomi wenzako, geuka taratibu wakuone mbele na nyuma, kisha uwaambie: "Mabibi na mabwana, hii imetoka kwenye ubongo mmoja."

Nisalimie vijana wa kofia, hasa yule aliyekuwa akinifunga waya huku ananiita babu na kunivuta masikio. Msalimie mkeo, na ubongo wake pia, ikiwa bado anakaa nao mwenyewe. Kinyozi anawasalimu nyote, hata kama uko peke yako ofisini.

Wako katika kudai kilicho changu,
Mzee wa Mkasi

Tanbihi: Usiivae suruali. Nimeikunjua niipige pasi kabla ya kuifunga, nikaona mguu wa kushoto umezidi urefu kwa vidole viwili. Nikalaumu kitambaa. Nikalaumu mkasi. Nikakulaumu na wewe, maana huenda una mguu mfupi na hujatwambia. Mwishowe nikampigia simu mama watoto, si kwa kumhitaji, ila na yeye apate fungu lake la lawama. Sijafungua hata mdomo vizuri, akaniuliza, mapacha wanalia nyuma yake: "Wa kushoto, sivyo?"

Kumbe tangu tuanze kazi, kila suruali ninayokata mguu wa kushoto hutoka mrefu, na yeye huupunguza kimyakimya kabla ya kushona. Ndiyo maana alikuwa akitaka mkasi! Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ungebisha, baba watoto." Nikabisha hapo hapo.

Kwa hiyo cheti usisumbuke nacho. Funguo za duka nimemwachia kinyozi, na jibu lako litume kwa binti yangu, anwani iko nyuma ya bahasha. Suruali nimeitoa kwenye kifurushi, nasafiri nayo. Itakufikia miguu ikiwa sawa. Lile la tatu nimelifuta, mkono naupeleka mwenyewe unakopokelewa. La nne liache kama lilivyo. Msamaha bado naudai.